Droni Iliyopotea Igowole

Kila Jumamosi asubuhi Mwanaidi Halfani alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaenda kumsaidia baba yake dukani. Duka lao la nafaka lilikuwa Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, ambako malori hupita mchana kutwa na vumbi la pumba halimtoki mtu nguoni. Kazi yake ilikuwa kuchambua maharage. Aliyamwaga kwenye ungo, akatoa mawe, akatoa yaliyotobolewa na wadudu, na mazuri akayarudisha guniani. Kazi ikiisha, baba yake alimruhusu kwenda uwanja wa shule kurusha droni.

Droni hiyo ilikuwa ndege ndogo isiyo na rubani, upana wake kama sahani ya wali. Ilikuwa na mapangaboi manne ya kijivu na kamera ndogo tumboni. Mwanaidi aliiongoza kwa rimoti, na yote ambayo kamera iliyaona yalitokea kwenye simu. Kaka yake, Shamsudin, alikuwa mpiga picha za harusi. Alipopata droni kubwa zaidi, ile ndogo alimpa mdogo wake.

"Uitunze," alimwambia. "Wezi wanazipenda hizi kama kunguru anavyopenda vifaranga. Usimwamini mtu."

Mwanaidi aliyashika maneno hayo. Pengine aliyashika kuliko ilivyotakiwa.

Likizo ya Juni ilipofika, Mzee Halfani alipanga safari ya mkoa wa Iringa. Angepita kwanza Igowole, wilayani Mufindi, kuchukua maharage kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mzee Aroni, kisha aende kuyauza Iringa mjini. Mwanaidi, aliyekuwa darasa la sita na hajawahi kufika huko, aliomba afuatane naye.

"Na droni nije nayo, baba?"

"Njoo nayo. Lakini sikiliza vizuri. Ugenini si Uyole. Hutairusha mpaka tuwaombe ruhusa wenyeji, na mimi niwepo. Kule ni mashamba ya watu na nyumba za watu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Walisafiri kwa lori dogo la Mzee Halfani. Njia nzima Mwanaidi aliupakata mkoba wa droni. Walipotua Makambako kunywa chai, muuza mahindi ya kuchoma aliinama dirishani akauliza, "Binti, umebeba nini mbona umekikumbatia hivyo?" Mwanaidi alipandisha kioo na kumwangalia yule kijana mpaka akaondoka. Baadaye alipokuwa anakula, mkono mmoja ulibaki umeshika mkanda wa mkoba.

"Yule alikuwa anauza mahindi tu," baba yake alimwambia.

"Alikuwa anauangalia sana, baba."

Walifika Igowole alasiri. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya misitu ya misindano, na baridi ilipenya hadi ndani ya sweta. Mzee Aroni aliwapokea kwa furaha, akiwasalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene! Kamwene, Bwana Halfani! Karibuni ndani, moto umekwishawashwa." Mke wake, Mama Bertha, aliwaletea ugali wa moto, maharage na mboga ya maboga. Mtoto wao wa mwisho, Adrian, alilingana umri na Mwanaidi. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta la shule lililokatika viwiko, na alikuwa na maswali mengi.

"Hiyo ndiyo droni? Inafika mbali kiasi gani?"

"Mbali tu."

"Ikianguka, mwenyewe anajuaje iko wapi?"

"Anajua."

"Na mtu mwingine akiwa na rimoti yake, anaweza kuiongoza?"

Mwanaidi alimtazama. Mbona huyu anauliza mambo ya mtu mwingine na rimoti yake?

"Naomba niishike kidogo," Adrian alisema, mikono akiifuta kwenye suruali.

"Hapana. Itaharibika."

Adrian alitia mikono mfukoni, akaenda kukaa karibu na moto. Wakati wa kulala ulipofika, Mwanaidi aliuweka mkoba chini ya mto wake.

Kesho yake asubuhi Mzee Halfani na Mzee Aroni walikwenda ghalani, karibu na barabara, kupima maharage. Mama Bertha alikwenda kisimani. Adrian alichukua mundu, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Mwanaidi alibaki peke yake uwanjani.

Ukungu ulikuwa umeinuka. Mbele yake bonde lilifunguka, na ng'ambo yake vilima vilifuatana kimoja nyuma ya kingine, vyote vya kijani. Alifikiri jinsi Shamsudin atakavyoshangaa akiiona picha ya mahali hapa kutoka juu. Alitazama njia. Hapakuwa na mtu.

"Mara moja tu," alijisemea. "Baba hatajua."

Droni ilinguruma, ikapanda, ikapita juu ya paa, ikavuka mianzi. Kwenye simu Mwanaidi aliona njia nyembamba ikipita kati ya mashamba, na ng'ombe mmoja mdogo kama punje. Alicheka mwenyewe. Aliisogeza mbele, halafu mbele tena, hadi ng'ambo ya kilima ambako macho yake hayakufika. Hapo upepo wa bondeni uliidaka. Picha iliyumba kushoto, ikayumba kulia. Mwanaidi alivuta rimoti kuirudisha, lakini droni haikutii. Aliona tanuru la matofali, kamba ya kuanikia yenye kanga nyekundu, kisha nyasi zikizunguka kwa kasi. Simu ikawa nyeusi.

Alikimbia. Alipanda kilima akihema, akatazama upande wa pili. Hapo alipotokea, mianzi iliziba sehemu kubwa ya bonde. Aliona mashamba yaliyovunwa na mapaa mawili matatu, lakini hakuona tanuru wala droni. Hakujua ateremke kwa njia ipi. Alipokuwa bado anahangaika, Adrian alitokea njiani akipandisha, mzigo mkubwa wa majani kichwani.

"Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Nimesikia kitu kinalia juu, kama kundi la nyuki. Hujakisikia?"

"Sijasikia."

Adrian alisita kama mtu mwenye neno la kusema. Aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu, akaendelea na safari. Mwanaidi aliutazama ule mzigo wa majani. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kuficha kuku watatu. Ametoka upande uleule ilikoangukia. Ameisikia. Na jana aliuliza sana. Kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuwa na hakika. Kumbe ndiyo maana!

Hakumwuliza. Hakumwonyesha ile video iliyobaki kwenye simu. Angemwonyeshaje mwizi?

Karibu na saa sita Mzee Halfani alirudi akitabasamu. "Mwanaidi! Mzee Aroni amenipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Amekubali urushe droni yako kwenye uwanja wa shule, na watoto wote waje kuona. Haya, ilete."

Mwanaidi angalisema kweli hapo, mambo yangalikwisha hapo. Lakini alikumbuka neno alilompa baba yake, na hofu ikamtangulia ulimi.

"Haipo, baba. Imeibiwa."

Tabasamu la baba yake lilipotea. "Imeibiwa vipi?"

"Niliiacha barazani. Nilikwenda msalani, niliporudi sikuikuta."

"Nani alikuwa hapa?"

Mwanaidi alisema kwa sauti ndogo, lakini si ndogo kiasi cha kutosikika, "Adrian ndiye aliyekuwa anaiulizia tangu jana."

Mzee Aroni alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka, akasimama, uso wake umebadilika kabisa. Alimwita mwanawe, akaufungua mzigo wa majani mbele ya ng'ombe na kuutawanya wote chini. Hamkuwa na kitu. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za Adrian, akazimwaga uwanjani. Shati moja lililotoboka likabaki linapepea kwenye ua, na majirani waliokuwa wakipita wakasimama kutazama.

Mama Bertha aliutua mtungi wake. "Tangu niolewe hapa, nyumba hii haijawahi kuambiwa ina mwizi," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Geuza mifuko," Mzee Aroni aliamuru.

Adrian aliigeuza. Kutoka mfuko wa kulia kikadondoka kitu chembamba cha kijivu. Lilikuwa pangaboi moja la droni.

Mzee Halfani aliliokota, akaligeuza mkononi.

"Nimeliokota!" Adrian alisema. "Nimeliokota njiani, kule kwa jirani yetu, Mama Verediana. Sikujua ni la nini. Nilitaka nimwonyeshe Mwanaidi, lakini aliniangalia vibaya, nikaogopa."

"Na droni yenyewe?" baba yake aliuliza.

"Sijaiona, baba. Haki ya Mungu sijaiona."

"Jioni hii nitakupeleka kwa mwenyekiti, ukaseme mbele yake umeipeleka wapi."

Machozi yalimjaa Adrian, lakini hakuyaacha yadondoke. Alimtazama Mwanaidi mara moja tu. Mwanaidi alitazama pembeni. Ndani yake sauti moja ilimwambia kwamba pangaboi huweza kung'oka droni inapoanguka. Sauti nyingine ikasema, huyu ameiokota droni nzima akaificha, ndiyo maana ana kipande chake. Aliichagua ile ya pili, kwa sababu ilimwacha yeye salama.

Mzee Halfani alikohoa. "Ndugu yangu Aroni, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, twende kwanza hapo mtoto anaposema ameokota. Tusimhukumu kwa kipande."

Waliondoka wanne. Njia ilizunguka kilima, ikapita kati ya mianzi, ikatokea kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ghala dogo pembeni. Mwanamke wa makamo alikuwa anapiga maharage kwa fimbo uwanjani. Alipowaona aliacha kupiga. Akatembea hadi kwenye mlango wa ghala, akausukuma ukafungika, akatia kufuli, na ufunguo akauficha kwenye pindo la kanga. Ndipo akawageukia.

"Kamwene, Mama Verediana," alisema Mzee Aroni.

"Kamwene." Hakuwakaribisha kukaa. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Halfani, kuanzia viatu hadi kofia. "Huyu ni nani?"

"Ni mgeni wangu, mfanyabiashara kutoka Mbeya. Mtoto wake amepotelewa na kitu, kidude kinachoruka. Hujakiona?"

"Nani amewatuma?"

"Hakuna aliyetutuma, mama," alisema Mzee Halfani kwa upole. "Tunauliza tu."

"Basi mimi sijaona kitu. Nina kazi." Aliinua fimbo, akaanza tena kuyapiga maharage, kwa nguvu zaidi ya yalivyohitaji.

Walishika njia ya kurudi. Kila mmoja alikuwa na lake. Mzee Halfani alikuwa akifikiria lile kufuli. Mzee Aroni alikuwa akifikiria kwamba mwanawe ameuza kitu cha mgeni. Adrian alitembea nyuma ya wote, mbali kidogo, kama mtu asiye na kwao.

Mwanaidi aligeuka kumtazama, na nyuma ya Adrian, pembeni mwa nyumba ya Mama Verediana, akaliona tanuru la matofali. Kando yake palikuwa na kamba, na kwenye kamba kanga nyekundu ilipigwa na upepo. Ni hapa! Droni ilianguka hapa. Adrian alipita njia hii na majani yake, akaokota kipande kilichorushwa pembeni, basi. Hakuna kingine alichofanya.

Sasa alijua, na kujua kulimlemea kuliko kutojua. Akisema, baba ataona amemdanganya mara mbili: kwanza alirusha, kisha akasingizia. Asiposema, hakuna atakayejua. Droni itabaki huko iliko, kesho watapanda lori kwenda Iringa, na Igowole itabaki nyuma. Lakini Adrian hatapanda lori. Adrian atabaki hapa na jina la mwizi, shuleni, kisimani, kanisani.

Walifika njia panda. Upande mmoja ulikwenda nyumbani, wa pili kwa mwenyekiti.

"Adrian," alisema Mzee Aroni bila kumtazama, "njoo huku."

"Baba!" Mwanaidi alipaza sauti hadi akajishtua mwenyewe. "Adrian hajaiba. Hakuna aliyeiba. Mimi niliirusha mlipokuwa ghalani. Upepo ukaichukua, ikaanguka pale kwa yule mama. Sikuiacha barazani. Nilisema uongo."

Alitoa simu na kuwaonyesha video. Wazee wawili waliinamisha vichwa pamoja. Adrian alisogea, akachungulia katikati yao.

"Hilo ni tanuru la Mama Verediana," alisema mara moja. "Na huo ni mwembe... hapana, huo ni mparachichi wa nyuma ya choo chake. Hata ng'ombe yule, nilimpita asubuhi njiani." Akamgeukia Mwanaidi. "Ungenionyesha asubuhi tulipokutana, ningekupeleka moja kwa moja. Nilikuuliza unatafuta nini."

Mzee Halfani alirudisha simu polepole. Mwanaidi alingoja kufokewa, lakini baba yake alisema tu, "Turudi. Na wewe ndiye utakayesema."

Mama Verediana alipowaona kwa mara ya pili alisimama mbele ya ghala, fimbo mkononi. Mwanaidi alitangulia, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mwanamke alijibu kwa mashaka.

"Mama, mimi ndiye niliyerusha kile kidude juu ya shamba lako. Sikuomba ruhusa kwako, na baba alinikataza. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu picha za milima nimwonyeshe kaka yangu. Naomba unisamehe."

Mama Verediana alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mzee Aroni. "Ni kweli haya, Aroni? Si kazi ya shemeji yangu?"

"Shemeji yako anaingiaje hapa?"

Ndipo Mama Verediana alipoketi kwenye kigoda na kueleza. Tangu mumewe afariki, shemeji yake alikuwa akilitaka shamba la bondeni. Juma lililopita alimtishia kwamba ataleta watu wa mjini na vyombo vya kupima kutoka juu, na mjane huyo atakapozinduka shamba litakuwa limekwenda. "Leo asubuhi naanika nguo, naona kidude kinasimama juu ya tanuru langu, kinalia, kina jicho. Nikasema, haya, ndio hao. Kilipoanguka nikakitupia kanga. Nikakiingiza ghalani, nikakifunika kwa tenga, na juu ya tenga nikaweka jiwe la kusagia, kisije kikaruka kwenda kusema. Nilitaka kesho nikipeleke ofisi ya kijiji. Halafu naona mnakuja na mtu mgeni mwenye kofia ya mjini! Nifikiri nini?"

Mzee Halfani aliivua kofia yake, akaitazama, na wote, hata Mama Verediana mwenyewe, wakajikuta wanacheka.

Mama Verediana alifungua ghala. Tenga lilikuwepo, na jiwe juu yake. Droni ilikuwa chini, mguu mmoja umepinda na pangaboi moja halipo, lakini mengine mazima.

"Na hizo picha kilizopiga," aliuliza Mama Verediana, "zinakwenda wapi?"

"Ziko kwenye simu hii tu, mama. Nikuonyeshe."

Mwanaidi alikaa chini karibu na kigoda. Mama Verediana aliishika simu kwa mikono miwili. Aliiona nyumba yake ikiwa ndogo kama kiberiti. Aliliona shamba la bondeni lote kwa mara moja, jambo ambalo hakuwahi kuliona maisha yake yote, na ukingoni mwake mstari wa miti ambayo marehemu mumewe aliipanda.

"Kumbe aliinyoosha hivi," alisema polepole. "Rudisha tena."

Mwanaidi alirudisha. Mama Verediana alitazama tena hadi mwisho, bila kupepesa.

"Sasa futa, mwanangu. Shamba langu silitaki katika simu za watu."

Mwanaidi alifuta mbele yake, akamwonyesha kwamba haipo.

Kabla hawajaondoka, Mzee Aroni alimwambia Mama Verediana, "Kuhusu shemeji yako, kesho usiende peke yako. Asubuhi mimi na mke wangu tutakusindikiza ofisi ya kijiji ukaeleze habari hiyo ya vitisho. Ulipaswa kutuambia."

"Sikujua nani yuko upande gani," alijibu.

Nyumbani, nguo za Adrian zilikuwa bado uwanjani. Mwanaidi alikwenda akaanza kuziokota moja moja, akazikung'uta vumbi na kuzikunja. Alipomaliza alizipeleka kwa Adrian, aliyekuwa ameketi kwenye gogo.

"Nimekusingizia. Nisamehe, Adrian."

Adrian alizipokea. "Nimesikia," alisema. Mwanaidi alielewa kwamba kusikia hakujawa kusamehe.

Jambo lililomshangaza ni Mzee Aroni. Alikuja akasimama mbele ya mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, akasema, "Nami nimekosa. Uliniapia, nami nikaliamini pangaboi kuliko wewe. Nimekumwagia nguo mbele ya majirani. Kesho nitawaambia majirani haohao kwamba nilikosea."

Hapo ndipo machozi ya Adrian yalipodondoka.

Asubuhi Mwanaidi hakusubiri kuambiwa. Alimwomba baba yake ampeleke kwa mwenyekiti, akaeleza yote, kwamba Adrian hakuchukua kitu na kwamba habari zilizoenea ni za uongo wake yeye. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwonya, akamsifu kwa kujileta mwenyewe. Ruhusa ya uwanja wa shule hakuiondoa, lakini Mzee Halfani aliirudisha. "Tunakushukuru, mwenyekiti, ila safari hii binti yangu hatarusha. Atakaa mwezi mzima bila kuigusa."

Walipokuwa wanapakia magunia, Adrian alikuja kusaidia. Alishika ncha moja ya gunia, Mwanaidi akashika nyingine. Baada ya magunia kadhaa Adrian aliuliza, huku akitazama kamba aliyokuwa akiifunga, "Hivi upepo unaweza kuishinda hata ile kubwa ya kaka yako?"

"Unaweza," alijibu Mwanaidi. "Kaka anasema ukiona matawi yanacheza, usirushe. Ukiwa juu ya bonde ndiyo hatari zaidi." Akaendelea kumweleza kila alichokijua, hadi baba zao wakapaza sauti kuwakumbusha kwamba magunia hayajipandishi yenyewe.

Lori lilipoingia barabara kuu kuelekea Iringa, Mzee Halfani alisema:

"Mwanangu, droni ikipotea hununuliwa nyingine. Jina la mtu likipotea halina duka. Jana wewe ulimdhania Adrian, Aroni akamdhania mwanawe, mimi nikamdhania Mama Verediana, na Mama Verediana akatudhania sote. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila mmoja alikosea. Dini yetu inatuonya tuiogope dhana, na majirani zetu Wakristo nao wanafundishwa hivyohivyo. Ukiwa na shaka na mtu, muulize. Ukikosa, sema umekosa kabla kosa halijaenda kukaa kwenye mgongo wa mwingine. Wewe ulichelewa kusema, lakini ulisema, na ulisema ilipokuwa ngumu. Hilo nalo nimeliona."

Mwanaidi alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Baba, tutarudi lini kuchukua maharage mengine?"

"Mwezi wa nane, Mungu akipenda."

"Watatupokea?"

"Hilo sijui," alisema Mzee Halfani, akibadilisha gia kupandisha mlima. "Ila tukifika, mimi nitabaki kwenye lori. Wewe ndiye utakayetangulia kupiga hodi."